Boksi la Kamba Kutoka Shipu

Taiyuan, 9 Oktoba 2017

Shikamoo Mama,

Mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kutuchungulia. Boksi la kamba limefika na barafu yake bado ngumu. Nakurudishia boksi lenyewe na chupa mbili za siki ya huku, na barua hii ndani, maana simu unasema inakukoromea tu masikioni.

Sasa Mama, usikasirike. Hawa kamba umewamenya wewe kweli? Nimekuta vipande vya magamba vimeng'ang'ania mikiani, na nusu yao bado wana ule mshipa mweusi mgongoni. Nimetafuna mchanga mimi! Wewe, uliyemenya kamba kiwandani miaka ishirini na sita, uliyekuwa ukinizaba kofi la mkono nikiacha mshipa mmoja! Au siku hizi unawapa watu wakumenyee? Kama umechoka si useme, nitanunua wa dukani.

Zhigang anakusalimu.

Mwanao,
Yalan


Shipu, 20 Oktoba 2017

Yalan mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unauma, haujanihama. Lakini kama unauliza habari za mgongo ili upate nafasi ya kunichoma moyo, bora usiulize.

Wa dukani! Haya, kanunue. Wameloweshwa maji mpaka wamevimba, ukiwatia kikaangoni wanakuwa mpira mtupu. Una miaka thelathini na moja na hujawahi kumaliza kumenya kamba hata kilo moja, kwa sababu mimi mjinga nilikuwa nakumenyea. Basi nimekoma. Kuanzia leo nakuletea na magamba yao, menya mwenyewe tuone.

Kichwa kizungushe, kitatoka. Miguu ing'oe yote kwa mkupuo mmoja, gamba litafunguka kama koti. Halafu hesabu pingili ya pili kutoka kichwani, choma kijiti cha meno, vuta mshipa taratibu. Ukikukatikia, shauri yako. Ukimaliza wasugue kwa chumvi na wanga wa mahindi, suuza mpaka maji yatoke safi, kausha kwa kitambaa. Usipowakausha mafuta yatakurukia usoni, na mimi sitakuwepo kukupaka dawa.

Huyo wako naye namsalimu.

Mama yako


Taiyuan, 6 Novemba 2017

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Mimi vidole vyangu si vizima. Kilo mbili zimenichukua saa tatu, ule mwiba wa kichwani umenichoma mara nne, na mishipa mingi imenikatikia katikati. Zhigang akasafisha meza, akatupa vichwa vyote. Asante sana kwa zawadi.

Na jambo lingine. "Huyo wako" ana jina. Anaitwa Zhigang. Ni mume wangu mwaka wa tatu huu. Sijasahau ule mkesha wa Mwaka Mpya wetu wa Kichina nilipomleta kwako. Ulimenya kamba wa kwanza ukamtilia mjomba bakulini, ukanitilia mimi, ukamtilia mpaka Mama Luo jirani, ukamruka yeye. Kwetu kumenyewa kamba siku ile ndiyo kuhesabiwa mtu wa nyumbani, na kila aliyekaa pale alilijua hilo. Mtu alikaa na bakuli tupu mpaka chakula kikaisha, na bado akakuoshea vyombo! Nilikwambia siku ile na narudia leo: siji mezani kwako mpaka umwalike kwa jina lake, kwa mkono wako.

Halafu mwandiko wako umepatwa na nini? Herufi kubwa kama za bango, mstari mmoja umempanda mwenzake mgongoni. Ulikuwa unaandikia ndani ya basi?

Mwanao,
Yalan


Shipu, 19 Novemba 2017

Yalan,

Niko salama, nakula, nalala. Kalamu ndiyo mbovu, acha kunikagua.

Vichwa ametupa! Toba! Ndiyo maana sikumtilia kamba. Mtu wa milimani, kaa mwenyewe alimshika kama anashika bomu, halafu anakuja kunichukulia mtoto wangu wa pekee na kumpeleka safari ya treni ya siku nzima. Nimpe na kamba juu yake? Vichwa vinakaangwa kwa moto mdogo na tangawizi na vitunguu vya majani, unavibonyeza kwa mwiko mpaka mafuta yawe mekundu. Hayo ndiyo yale mafuta uliyokuwa ukilambia tambi ukiwa mdogo, ukilia uongezwe. Mwambie!

Safari hii nakuletea na kome, wako hai. Watie kwenye maji ya chumvi, chumvi kama ya bahari, na tone moja la mafuta. Funika kitambaa, uwaache nusu siku wateme mchanga. Usiwachungulie kila dakika.

Na kwenye kamba acha kukodoa macho, ndiyo maana unachelewa. Funga macho. Pitisha kidole gumba mgongoni taratibu. Ukigusa kitu kama uzi, hapo pana mshipa. Ukigusa ukali, hapo limebaki gamba. Huhitaji kuona kitu. Jizoeze hivyo.

Mama yako


Taiyuan, 4 Desemba 2017

Shikamoo Mama,

Hujambo? Mimi nina aibu ya kutosha mwaka mzima. Ulisema chumvi kama ya bahari. Mimi nikatia kijiko kimoja kwenye beseni zima la maji ya bomba, nani huku anajua bahari ina chumvi kiasi gani? Asubuhi wengi wameachama wamekufa. Wazima nikawapika na mvinyo wa mchele, na siku hiyo hiyo mama mkwe wangu akatokea. Tonge la kwanza tu, jino likalia kra! Akaweka vijiti chini, akaniambia kwa upole, "Binti, labda tule maandazi." Ule upole ndio ulioniua. Si ungesema vijiko vingapi!

Lakini siyo hilo lililonifanya niandike leo.

Zhigang alisoma barua yako, akafunga macho, akajaribu kumenya kama ulivyosema. Kilo mbili kwa saa moja na nusu, nimekagua, hakuna mshipa hata mmoja. Nikamwambia basi ajira umepata. Hakucheka. Alikaa na kamba mkononi, akasema, "Yalan, mama yako haoni."

Nikamwambia aache upuuzi. Halafu nikatoa barua zako zote za mwaka huu, nikazipanga mezani kuanzia ya Februari. Herufi zinakua, zinakua, mpaka hii ya mwisho imeingia maneno thelathini kwa ukurasa.

Mama, nijibu bila kuzunguka. Unaona?

Yalan


Taiyuan, 12 Januari 2018

Mama,

Wiki tano! Wiki tano sijapata neno, halafu leo linafika boksi lina kamba kilo nne na magamba yao, barua hamna, na anwani imeandikwa kwa mwandiko wa Mama Luo. Ulidhani nitafanya nini, nipike ninyamaze? Nimempigia simu Mama Luo. Usimgombeze, nimemlazimisha.

Ameniambia yote. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwamba wale kamba wa Oktoba uliwamenya siku mbili kwa kupapasa, na mimi nikakuandikia habari za mchanga. Nikikumbuka barua ile natamani nijizabe makofi. Kwamba tangu hapo unakula uji na mboga za chumvi, kamba hugusi, kwa sababu hujioni ukimenyewa na jirani. Kwamba daktari amesema upasuaji ni mdogo, anataka tu ndugu wa kusaini na kukaa nawe, na wewe ukamjibu huna mtu.

Huna mtu! Mimi ni nani, Mama? Nimelia kwa hasira mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Basi sikiliza. Kilo nne hizi nakurudishia. Nimemenya mwenyewe, macho nimefumba, Zhigang alitaka kunisaidia nikamfukuza jikoni. Barafu nimejaza mpaka juu. Kwenye ile chupa ni mafuta ya vichwa vyao. Hakikutupwa hata kimoja.

Nitakuja kusaini hata usiponiita, baada ya sikukuu, na utafanyiwa hayo macho upende usipende. Lakini mkesha wa Mwaka Mpya ni mambo mengine. Sikai mezani kwako peke yangu, mume wangu nimemwacha huku na maandazi ya mama yake. Masharti yangu unayajua. Nakupenda, na umenichosha.

Mwanao,
Yalan


Shipu, 23 Januari 2018

Yalan mwanangu,

Mimi mzima, na wewe u kichaa. Nani duniani amewahi kupeleka kamba Shipu? Boti zinashusha kamba mita mia mbili kutoka mlangoni kwangu, mimi napokea kamba kutoka milimani! Mleta vifurushi aliniuliza mara mbili kama boksi halikukosea njia. Mtaa mzima una habari. Sijui nitapita wapi.

Nimewapika kwa mayai, Mama Luo akanishikia taa. Nimekula taratibu, kila mmoja nimempitishia ulimi mgongoni. Mshipa nimekuta mmoja. Kilo nne, mmoja. Kofi lako nimekuwekea. Mafuta umeyaunguza kidogo, tangawizi ilikuwa nyingi, na nimeyamaliza.

Daktari sikumdanganya kwa ubaya. Nilidhani nikikuita kwa ajili ya macho utasema mama ananiita kwa sababu ana shida. Ndiyo maana nikakutumia kamba kila mwezi, nikasema angalau ajue kumenya kabla mimi sijashindwa kabisa kumwelekeza. Sasa unajua. Kome bado.

Barua hii nimewekea rula chini ya kila mstari, kwa hiyo usinikagulie mwandiko. Kuna neno moja nimelirudia mara tatu kwenye karatasi nyingine ili nisilikosee.

Mkesha wa Mwaka Mpya wetu safari hii ni tarehe 15 Februari. Kata tiketi mbili. Siku hiyo bado nitakuwa napapasa, kwa hiyo Zhigang mwekee kiti mkono wangu wa kulia, karibu kabisa, na bakuli lake alishike mwenyewe. Sitaki kamba wa kwanza aangukie kwa Mama Luo.

Mama yenu