Mig ya Mzee Bisibisi Ina Mgongo Gani?

CHAMA CHA WAUNDA NDEGE NDOGO
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUMI NA TISA

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Chumba cha nyuma cha duka la mjumbe Mshonaji, kwenye meza ya kukatia vitambaa

Waliohudhuria:
Daktari wa Meno – Mwenyekiti
Mkunga – Katibu
Mpiga Picha – Mjumbe (pia ni shemeji yake Katibu, jambo ambalo Katibu hakuulizwa)
Mshonaji – Mjumbe na mwenyeji

Mgeni mwalikwa: Mzee Bisibisi, baba yake Mshonaji, fundi mstaafu wa ndege za kivita. Aliketishwa dukani, upande wa pili wa pazia, akapewa chai.

Asiyehudhuria: Fundi Saa. Udhuru: mkewe amemwambia achague kati ya harufu ya rangi na chakula cha nyumbani. Udhuru ulipokelewa kwa huruma nyingi.

KUMB. NA. 1/19: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri. Aliwaomba wajumbe wapunguze sauti, kwani mgeni amepoteza macho lakini masikio yake hayajaenda popote. Wajumbe waliahidi. Ahadi hiyo haikuvuka KUMB. NA. 3.

KUMB. NA. 2/19: YATOKANAYO NA VIKAO VILIVYOPITA

Katibu alikumbusha jinsi tulivyofika hapa. Mzee Bisibisi alihudumia ndege moja, Mig 21, kwa sehemu kubwa ya ujana wake. Tangu macho yazimike miaka miwili iliyopita amekuwa mtu wa kugeukia ukuta. Mshonaji alikiomba chama kimuundie mfano wa ndege ile ile kwa plastiki, aushike kwa mikono. Kwa hiyo rangi na namba si kitu safari hii. Umbo ndilo kila kitu.

Shida ni kwamba Mig 21 si moja. Kwa mgongo tu, chama kinabishania tatu: PFM yenye mgongo mwembamba, MF yenye mgongo wa wastani, na bis yenye mgongo mnene kama wa fahali. Halafu kuna ule mrija mrefu wa puani ambao sisi tunauita mkuki: kwenye PFM umekaa katikati, juu ya pua, kwenye MF na bis umesogezwa kulia.

Mwaka jana tulimpelekea bis. Aliipapasa, akasema, "Nzuri, asanteni," akaiweka chini ya kitanda. Mshonaji alieleza kuwa baba yake husema "nzuri" hivyo hivyo kwa uji uliopoa. Akiulizwa ndege yake ilikuwa ipi hujibu, "Mig ni Mig, mwanangu," na kurudi ukutani.

Ushahidi uliobaki ni negativu moja ya picha iliyokuwa kwenye kopo la vifungo. Mpiga Picha aliikuza. Inamwonyesha mzee akiwa kijana, juu ya ngazi, kando ya ndege ambayo kioo cha kumfunika rubani kimefunguliwa kuelekea ubavuni. Katika picha hiyo mkuki unaonekana umeegemea kushoto. Mpiga Picha alitoa hoja kwamba hakuna Mig 21 yenye mkuki kushoto, hivyo ni pembe ya kamera tu inayodanganya, mkuki uko katikati, na ndege ni PFM. Mwenyekiti alishikilia kwamba ni MF. Alipoulizwa sababu alisema, "Naihisi." Kura zilipigwa, Mwenyekiti akashindwa, na PFM ikaundwa. Tangu siku hiyo Mwenyekiti na Mpiga Picha wanasalimiana kwa vidole viwili.

KUMB. NA. 3/19: KUISHTAKI NDEGE

Kama ilivyo desturi ya chama, kipande cha mwisho hakigundishwi mpaka ndege ishtakiwe. Iliwekwa katikati ya meza, taa ikashushwa, na Mwenyekiti akauliza mara tatu, "Nani ana kinyongo na ndege hii?"

Mara ya tatu Mpiga Picha alisema yeye ana kinyongo kidogo, si na ndege bali na waliotengeneza seti ya vipande vyake, kwa sababu wameweka bawaba za kioo upande wa kulia na picha inaonyesha kioo kimefungukia kushoto. Aliomba tupa azikate, agundishe kushoto, tukale.

Mwenyekiti alishika tupa kabla yake. Alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya chini hata kidogo kwamba Mig 21 yenye kioo cha ubavuni hufungukia kulia, kulia, kulia, na kwamba hajawahi kuona hata moja inayofungukia kushoto, hata kwenye ndoto, na yeye huziota.

Mpiga Picha alijibu, "Daktari, mimi naamini ninachokiona."

Mwenyekiti alisema, "Basi nikupime macho, maana meno yako nayajua."

Katibu aliwataka wajumbe waketi. Mshonaji, ambaye tangu mwanzo alikuwa akiuma uzi bila kushona, aliuliza swali moja. Alisema, "Jamani, mkuki uko upande usiokuwepo. Kioo nacho kimefungukia upande usiokuwepo. Vyote viwili vimekosea kwa pamoja?"

Mpiga Picha alifungua mkoba wake polepole, akatoa negativu, akaielekeza kwenye taa, akaigeuza, akaigeuza tena. Alikuwa akitafuta upande usiong'aa, ule unaobeba picha. Aliupata. Kisha alikaa kwenye kiti kilichokuwa na pini, na hakulalamika.

KUMB. NA. 4/19: TAARIFA YA MPIGA PICHA

Mpiga Picha alieleza kwamba, baada ya kazi ya maisha yake yote, aliiweka negativu nyuma mbele kwenye mashine ya kukuzia, ule upande usiong'aa ukatazama kusikotakiwa. Picha nzima imetoka kinyume. Kushoto ni kulia.

Loo! Katibu anaomba radhi kwa mwandiko wa sehemu hii. Kalamu ilianguka mara mbili. Amezalisha pacha gizani bila kuangusha kitu, lakini hapa aliangusha.

Picha ilipelekwa mbele ya kioo cha kujipimia nguo, na wajumbe wote wakajazana kichwa kwa kichwa. Kwenye kioo kila kitu kilikaa mahali pake: kioo cha rubani kulia, mkuki kulia. Kwa hiyo PFM imekufa. Bis ilishalala chini ya kitanda. Imebaki MF.

Mpiga Picha alisimama, akamgeukia Mwenyekiti, akasema, "Umeshinda." Mwenyekiti alisema hataki kushinda, anataka kukumbatiwa. Walikumbatiana. Katibu alimwambia shemeji yake kwamba habari hii itafika kwa wakwe kabla ya chajio.

Furaha hiyo ilikatwa na Mshonaji. Alionyesha pazia na kusema kwa kunong'ona, "Baba yuko pale. Nimemtoa nyumbani kwa kumbembeleza wiki nzima. Leo nimpe nini?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Ndege iliyokuwa mezani ilikuwa na mgongo wa mtu mwingine.

KUMB. NA. 5/19: NIDHAMU YA MWENYEKITI

Mwenyekiti aliomba ruhusa ya kutoa taarifa inayomhusu yeye mwenyewe. Alikumbusha kwamba kanuni za chama zinamkataza mjumbe yeyote kuunda kwa siri ndege iliyokataliwa kwa kura. Kisha aliinama, akatoa sanduku chini ya meza, akalifungua.

Ilikuwa MF. Imekamilika! Mgongo wa wastani, umepigwa msasa mpaka unateleza. Mkuki kulia. Kioo kimeachwa wazi, kulia. Mwenyekiti alikiri kwamba ameiunda kliniki kati ya mgonjwa na mgonjwa, na mifereji ya mabawa ameichonga kwa mashine ya meno, na kwamba kuna mama mmoja alikaa na pamba mdomoni muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Katibu alisoma adhabu: karipio kali. Mjumbe Mpiga Picha aliunga mkono karipio huku akipiga makofi. Mshonaji alimbusu Mwenyekiti kwenye upara, na jambo hilo limeandikwa hapa kwa ombi la Mwenyekiti.

KUMB. NA. 6/19: KUMKABIDHI MGENI

Pazia lilifunguliwa. Mzee Bisibisi alikuwa hajagusa chai. Alisema, "Mmemaliza ugomvi?" Mwenyekiti alisema tumemaliza, mzee wetu, shikamoo. Mzee aliitikia marahaba kwa wote kwa mpigo mmoja na kunyoosha mikono, kama mtu anayepokea sahani.

Mshonaji aliiweka ndege mikononi mwake, akabaki ameshika pindo la shati la baba yake.

Vidole vilianza puani. Vilizunguka, vikapanda, vikakutana na mkuki, vikasimama. Vikarudi nyuma, vikapita chini ya bawa, vikashika mgongo na kuufuata mpaka mkiani, kisha vikaufuata upya. Katibu aliangalia midomo ya mzee. Wote tulikuwa tunaliogopa neno moja: nzuri. Mshonaji alifumba macho.

Vidole vilifika kwenye kioo kilicho wazi. Mzee aliinua kichwa ghafla.

"Nani ameacha kioo wazi?"

Wajumbe wote walimtazama Mwenyekiti.

"Nauliza! Mvua ikija hapa, kiti cha rubani kitalowa, nani atakikausha? Mimi?"

Mshonaji alisema, "Ni mimi, Baba. Samahani."

"Samahani haikaushi kiti." Kisha sauti ikashuka, na akaileta ndege kifuani. "Ndiyo yenyewe hii. Ndiyo yenyewe kabisa, mwanangu. Vuta kiti ukae hapa, nikuonyeshe."

Mshonaji alivuta kiti. Mwenyekiti alitazama dari. Mpiga Picha alijaribu kupiga picha akakuta hajatoa kifuniko cha lenzi, na kwa mara ya kwanza tangu aoe kwetu, Katibu hakumsema.

KUMB. NA. 7/19: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alitaka kufunga kikao lakini hakupata nafasi ya kusema. Mgeni alikuwa ameanza na tairi la mbele: linavyoingia, linavyotoka, na lilivyomkwamia siku moja mbele ya wakubwa. Chai iliyopoa ilibadilishwa mara mbili. Mshonaji aliuliza, mzee akajibu, akauliza tena, mzee akacheka. Kikao kilihesabiwa kimefungwa saa kumi na mbili na nusu jioni, wajumbe walipoondoka kwa kunyata kupitia mlango wa nyuma. Mzee alikuwa bado hajafika mabawani.

Zimethibitishwa:

........................
Daktari wa Meno
MWENYEKITI (mwenye karipio)

........................
Mkunga
KATIBU