Papa Ezechiel, Mwalimu wa Maneno Mawili Mawili

Mwaka umetimia, Papa Ezechiel, tangu asubuhi ile ya baridi ya Juni 2001 ulipotutoka hapa kambini Dzaleka, koti lako la kijivu likiwa bado limetundikwa nyuma ya mlango. Watu wakitoa kumbukumbu huwashukuru waliokuja kuwafariji. Sisi hatuna wengi wa kuwashukuru, na wanaosoma karatasi hii kwenye mlango wa kanisa wanajua kwa nini. Tunaiandika ili kukusafishia jina, maana ulikufa ukiitwa mchawi, na mtu wa nyumbani mwako mwenyewe angeweza kulizuia jina hilo lakini hakulizuia.

Kwanza tukukumbuke ulivyokuwa. Ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi Uvira, na hata baada ya vita vya 1998 kutuvusha ziwa na kututupa huku Malawi, uliendelea kutembea kama mtu anayesikia kengele ya shule. Ulisahihisha kila kitu: barua za majirani, tangazo la kinyozi, hata sala za mkeo Antoinette, mpaka siku moja akakujibu kwamba Mungu hatoi alama. Ulicheka hadi ukakohoa. Nsima, ugali wa mahindi wa huku, uliila polepole kama dawa, ukidai kwamba ugali wa muhogo ndio chakula na hii ni uji uliopandishwa cheo. Lakini hukuacha hata tonge.

Kazi ya kufundisha haikupatikana. Ukaomba kibali cha kutoka kambini, ukapanda nyuma ya pikapu hadi Lilongwe, ukawa unalala mtaa wa Nsungwi kwa Jean-Pierre fundi cherehani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Kazi uliyoipata ilikuwa kufagia hekalu la Wahindi. Ulifagia ua, ukasugua taa za shaba kwa ukwaju mpaka vidole vikanuka uchachu, ukapanga viatu vya waliokuja kusali, maana mle ndani haingii mtu na viatu. Ulitusimulia bila kinyongo. Ulijivunia kujua kila jozi ni ya nani, na ni nani kati yao anayevaa soksi zilizotoboka.

Solange, binti yako mkubwa, hakujivunia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwimbaji wa kwaya, na Evariste, mtoto wa mzee wa kanisa Norbert, alikuwa ameanza kumbebea ndoo kutoka kwenye bomba la maji. Angemwambiaje kijana wa watu kwamba papa yake, mwalimu mwenye diploma, anapanga viatu mbele ya sanamu? Akatangaza kwamba unafundisha Kifaransa watoto wa matajiri mjini. Kisha akakujia, akakushika mkono.

"Papa, usiambie bantu kazi yako. Batatucheka."

"Nimekubali, mama," ukamjibu. "Sitasema."

Kule hekaluni kulikuwa na mzee mmoja, Pandit Trivedi, mwalimu wa dini yao. Aliwahi kuishi Tabora miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote. Kila asubuhi aliwakalisha wanafunzi wake watatu mkekani, bila kitabu, wakaimba maneno ya sala zao za kale: neno la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, la kwanza na la pili tena. Kisha la pili na la tatu, la tatu na la pili, na kuendelea hivyo hivyo hadi mwisho. Ulifagia mahali pale pale wiki mbili, sakafu ikakaribia kutoboka, ndipo ukamwuliza. Akakwambia kwamba wazee wao walitunza maneno hayo tangu kabla ya vitabu. Kila neno limeshikana mkono na jirani yake, mbele na nyuma, ili moja likitaka kupotea jirani alivute.

Ijumaa hiyo ulirudi macho yanang'aa. Solange alikuwa peke yake jikoni, ukamkalisha, ukamweleza habari yote ya Pandit, ukamwonyesha kwa vitu vya mama yake: "Unga, moto, moto, unga, unga, moto. Moto, maji, maji, moto, moto, maji." Alicheka mbavu zikamuuma. Baada ya siku mbili alikuwa ameshika zaburi nzima. Sisi wengine tulipoisikia mbinu hiyo tulidhani ni ujuzi wako wa Uvira, na hukutuambia vingine, kwa sababu ya ahadi yako.

Hapa kanisani ulikuwa na ekodim, shule ya Jumapili ya watoto: watoto themanini, na kitabu kimoja cha Maandiko kilicholowa njiani hata kurasa zikagandana. Ukawafungia maneno mawili mawili. Kwa mwezi mmoja watoto ambao hawajawahi kushika karatasi waliimba zaburi mwanzo hadi mwisho, kitinda mimba wako Junior akiwa mbele yao kifua wazi, kama jogoo. Tuliwaonea raha.

Ndipo Mama Bora akaja kumchukua mwanawe mapema. Akasimama nje, akasikia watoto themanini wakiyarudisha maneno matakatifu nyuma.

"Banasoma Neno la Mungu kinyume!" akapiga kelele. "Ule mwalimu anauzisha batoto betu kwa shetani!"

Hatumlaumu sana. Kwetu kila mtu anajua kwamba anayesali kinyume ni mchawi, na aliyepoteza watoto wawili vitani hangoji maelezo. Kabla chungu cha maharage hakijaiva habari ilikuwa imemaliza kambi.

Jumatano wazee walikuita mbele ya kanisa. Mzee Norbert hakuwa mtu mbaya, na alikuuliza kwa heshima: "Mwalimu, hii kusoma kinyume-nyume, uliijifunzia wapi? Utuambie tu, tukuelewe."

"Niliijifunzia kwa bantu benye kupenda kukumbuka," ukasema.

"Bantu gani?"

Ukatikisa kichwa. Norbert akageukia benchi la kwaya. "Solange, mutoto yangu, we njo mukubwa. Unajua papa alitoa wapi hii mambo?"

Solange alijua. Alijua jina la mzee, alijua hekalu, alijua mkeka na wanafunzi watatu. Maneno kumi tu yangetosha, na Norbert mwenyewe angekubali kwamba mtu anaweza kujifunza kulima kwa jirani bila kuoa nyumbani kwake. Lakini maneno hayo kumi yangetoka pamoja na ufagio, na viatu, na uongo wake wote wa Kifaransa, na Evariste alikuwa amekaa pale pale dirishani akimtazama. Akasema: "Mi sijue, baba."

Ulimtazama. Hukumtazama kwa hasira, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi tangu siku hiyo. Ukawageukia wazee ukasema, "Mutoto hajue. Mumuache."

Walikuondoa kwenye ekodim. Ukawa unakaa benchi la nyuma na watoto wakakatazwa kukusalimia. Wewe uliendelea kuwasalimia kwa majina, wote themanini, huku mama zao wakiwavuta. Mwezi wa sita kifua kilikubana, na siku ya nne ukaenda.

Kwenye maziko yako tulikuwa watu kumi na mmoja. Kwaya haikuimba, na Solange, aliye wa kwaya, naye hakufungua mdomo. Hakuna mwanamke aliyeleta sahani iliyofunikwa. Mama Antoinette alijipikia mwenyewe chakula cha kilio cha mumewe, akipuliza moto huku machozi yakidondoka, na hakuna aibu tuliyowahi kuiona kubwa kuliko hiyo hapa kambini.

Agosti, Solange alikwenda Lilongwe kueleza kwa nini hukurudi kazini. Alivua viatu mlangoni. Pandit alipoambiwa alikaa chini palepale sakafuni. Akauliza mambo yote, na alipofika kwenye wazee wa kanisa akashangaa.

"Kwa nini hakunitaja? Ningekuja mwenyewe kuwaeleza. Ni mwendo wa saa moja tu!" Kisha akatazama uso wake vizuri. "Wewe ndiye Solange? Baba yako hakuchoka kukusifu. Alisema, mimi nikisahau neno, namuuliza binti yangu, yeye anajua yote."

Solange alirudi Dzaleka, hakutuambia kitu. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Basi yeye alijifanya mwosha miezi tisa, akila nasi sahani moja.

Mwezi uliopita nyumba ya Mzee Norbert ilituma neno kwamba wanataka kuja kumposa. Mama Antoinette alifurahi hadi akaimba. Ndipo Solange alipoweka ungo chini akasema yote. Alikuwa ameshamwambia Evariste kwanza, na Evariste alikuwa amemjibu: "Ule alishakufa. Siye njo tunaishi. Nyamaza tu, na bantu batasahau." Pengine ni kweli wangesahau.

Siku ya tatu Mama aliweka karatasi na kalamu mezani. "Ulinyamaza we," akasema. "Utaandika we. Na jina yako utaweka."

Kwa hiyo mkono huu ni wangu, Papa. Nimeandika "Solange, Solange" tangu juu kama anayesimulia mtoto wa jirani, kwa sababu kila nilipojaribu kuandika "mimi" kalamu ilikataa. Wazee wa kanisa, Mama Bora, Evariste, na nyote mnaosoma hapa mlangoni: papa yangu hakuwa mchawi. Alijifunza kwa Pandit Trivedi, kwenye hekalu alilokuwa akilifagia, akawaletea watoto wenu Maandiko kwa njia hiyo kwa sababu hatukuwa na vitabu. Akafunga mdomo wake hadi kaburini kwa sababu nilimwomba asinitie aibu.

Hutatutoka moyoni siku zote zilizobaki, sisi uliotuacha: mjane wako Antoinette, mwanao Junior, dada yako Louise aliye Likuni, rafiki yako Jean-Pierre wa Nsungwi, Pandit Trivedi, aliyeomba jina lake liwe kati ya yetu, na mimi binti yako, Solange.

Nilijua, papa.