Mgongo Hapana Kutosha

Bladensburg, Maryland,
Marekani.

Jumapili, 10 Septemba 2006

Mpendwa Mama Mdogo Genoveva,

Shikamoo mama. Nisamehe. Barua yako ya Pasaka ilinifikia, nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo, na ni leo tu ninakujibu. Sikukusahau hata siku moja. Kila nilipokaa kuandika niliona nitakudanganya. Kwenye simu kudanganya ni rahisi, nasema tuko salama halafu kadi inakatika. Kwenye karatasi nimeshindwa.

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado ipo au umewagawia majirani wote? Kahawa mmemaliza kuchuma? Na kaka Fidelis, kikohozi kimemwacha? Naomba uniandikie ukweli wa goti, usiniandikie "nafuu kidogo" kama kawaida yako, maana safari hii goti lako lina uhusiano na mambo yangu.

Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka uchovu usioondoka kwa kulala. Anitha ametimiza miaka minne mwezi wa saba. Namsemesha Kiswahili, anaelewa kila neno, ananijibu Kiingereza. Juzi nimemwambia avae viatu, akaniambia, "I did, Mama," amesimama miguu mitupu kabisa, ananitazama usoni. Uso ni wa marehemu mama. Ungemwona ungelia.

Nina ombi kwako, na linamhusu yeye. Ni kubwa kuliko yote niliyowahi kukuomba. Ila soma kwanza yaliyotokea. Usirukie ukurasa wa mwisho.

Unajua nilikuwa nimepata kazi ya ushonaji Washington mjini. Hatukuwa tunashona nguo mpya, tulikuwa tunarekebisha magauni ya jioni, yale ambayo wake za mawakili na mabalozi wanavaa kwenye karamu. Aliyeniingiza ni Maman Ngalula, Mkongo wa Lubumbashi, ana miaka hamsini na minane, ndiye alikuwa fundi mkuu pale kwa miaka kumi na mmoja. Ndiye pia aliyetupa chumba kwake hapa Bladensburg baba Anitha alipoondoka. Dada yake alikuwa akishinda na Anitha mchana. Kwa hiyo kazi, chumba na mlezi wa mtoto, vyote vilitoka mkono mmoja.

Tulikuwa tunacheka sana mle ndani, mama. Mimi nikisema, "Maman, naomba unipatie mkasi tafadhali," yeye anashika kiuno. "Weye Vumilia, unasema Kiswahili ya radio! Unaomba mukasi ao unasoma habari?" Namjibu kwamba afadhali cha redio kuliko chake cha kubahatisha. Anasema wa kwetu tunaongea kama tumelipwa.

Sasa mwezi wa tano lililetwa gauni la mbunifu mmoja Mfaransa, bibi mzee, jina lake Odile Marsac. Nataka nikueleze hilo gauni vizuri kwa sababu wewe ni fundi na hapa sina mtu wa kumweleza.

Kwa mbele ni kama sare ya mtawa. Jeusi, shingo ya juu, mikono mirefu, hakuna shanga, hakuna ua, hakuna kitu. Ungelipita dukani usiligeukie. Mambo yote yako nyuma. Kuanzia mabegani kitambaa kinashuka kipande kimoja hadi chini bila mshono wala pensi ya kukibana, na hakigusi mwili. Kinakaa mbali na mgongo kama kiganja kizima, mtu akitembea hewa inaingia na kitambaa kinamfuata nyuma taratibu. Maman aliniambia huyo bibi amefanya hivyo maisha yake yote. Mtu akiona mgongo ule anajua ni wake, hahitaji kusoma jina kwenye lebo. Bitana yake ni hariri, imeshonwa kwa mkono, nimehesabu mishono tisa kwenye upana wa ukucha wangu. Nililigeuza ndani nje nikakaa nalo mapajani kama nimepakata mtoto. Nikawaza, Mama Mdogo angeona hii.

Hayo ya mgongo Maman aliniambia baadaye, na hapo ndipo tatizo. Siku ya kulipima nilikuwa kliniki na Anitha. Mwenye gauni alipokaa kwenye kiti alilalamika kwamba kile kitambaa cha nyuma kinamsumbua, akauliza kama kinaweza kutolewa. Maman akamkatalia kwa heshima. Jioni hiyo Maman akapigiwa simu kuna msiba kwa kaka yake Kanada, akaondoka alfajiri. Akaniachia karatasi imebanwa kwa pini begani mwa gauni. Iliandikwa hivi: "Mbele punguza vidole mbili. Mugongo hapana kutosha."

Isome tena, mama. Uniambie wewe ungeelewa nini.

Nililivalisha sanamu. Nikaangalia, kweli mgongo haumtoshi, yaani haumkai sawasawa, unapwaya, umekaa mbali na mwili kabisa. Wewe ulinichapa vidole kwa futi mara ngapi kwa sababu ya mgongo unaopwaya? Ulisema fundi anajulikana kwa mgongo wa nguo, mbele hata mjinga anaweza kuweka sawa. Nikaona hapa ndipo nitamwonyesha Maman kwamba na mimi ni fundi. Nikafumua mabega, nikapima, nikakata kile kitambaa, nikatia pensi mbili, nikashona kwa mkono siku mbili. Nikapiga pasi. Mgongo ukakaa kwenye sanamu kama umemwagiwa. Mama, sijawahi kushona vizuri namna ile maishani mwangu. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Jumatatu Maman akarudi.

"Maman, pole na msiba. Gauni tayari. Na mgongo sasa unatosha."

"Umetosha?"

"Unatosha kabisa."

"Minakuuliza Vumilia, umetosha?"

"Ndiyo Maman, njoo uone unavyotosha!"

Akaja. Akalizunguka lile sanamu. Akakaa chini sakafuni, yeye mwenye mwili wake ule, akavua miwani.

"Niliandika hapana kutosha. Hapana! Weye hauone hapana?"

"Niliiona Maman. Ndiyo maana nikaubana."

Kwao kutosha ni kutoa. Kuondoa. Alikuwa ananikataza nisiuguse. Na si kwamba sikuwahi kulisikia. Alikuwa akimwambia Anitha mlangoni, "Tosha viatu," na mtoto anavua. Lakini kwenye karatasi nililisoma kwa sauti yangu, sikulisoma kwa yake. Basi, ni hilo tu. Neno moja.

Tulipeleka picha Paris. Likaja jibu kwamba kitambaa kile kilifumwa kwa ajili ya gauni lile peke yake, kikishakatwa kimekatwa, hakuna kingine. Mwenye gauni alilia mbele yetu, wala hakutukana. Nilitamani atukane.

Mwenye duka akauliza ni nani. Maman akasema, "Ni mimi. Niliandika vibaya."

Na mimi nilinyamaza. Hili ndilo nililoshindwa kukuandikia tangu mwezi wa tano. Nilisimama nyuma yake na futi shingoni, nikamfikiria Anitha, nikanyamaza. Nilipofungua mdomo kusema ni mimi niliyekata, mwenye duka alikuwa ameshatoka chumbani. Wala kunyamaza hakukunisaidia kitu. Jioni ile ile tuliondolewa wote wawili. Tulipanda basi moja kurudi nyumbani tumekaa viti viwili tofauti.

Maman hajanifukuza. Hajawahi kunitupia neno hata moja. Ananipakulia chakula kama zamani. Ila hatanii tena. Nikisema tafadhali anaitikia tu. Sasa anasafisha mabweni ya wanafunzi kule College Park, anarudi ameshika kiuno kwa maumivu. Dada yake naye imebidi atafute kibarua, amebakiwa na siku chache tu za kushinda na Anitha, siku nyingine mtoto anashinda kwa majirani. Na mwisho wa mwaka wanaachia nyumba, wanahamia kwa kaka yao Kanada.

Nilizunguka kutafuta ushonaji mwingine. Wanaopokea magauni ya namna ile wanajuana wote. Nikisema jina langu wanasema watanipigia.

Kwa hiyo tangu mwezi wa nane namhudumia bibi mmoja mgonjwa kule Falls Church. Ni kazi ya kulala huko huko siku sita, kumgeuza, kumlisha, kumwosha. Mtoto haruhusiwi hata kuingia sebuleni. Naonana na Anitha Jumapili, kama leo. Ninapoandika amekaa juu ya mguu wangu ananizuia nisisimame. Wiki iliyopita nilipoaga alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipungia mkono vizuri, hakulia. Afadhali angelia.

Ombi langu ni hili. Nipokelee Anitha.

Bwana Ezekiel wa ubalozini na mkewe wanakwenda likizo tarehe kumi na tano Desemba. Wamekubali kusafiri naye mpaka Dar es Salaam, na Fidelis ampokee pale amlete Mbinga. Najua una miaka sitini na mmoja. Najua umelea watoto wa dada yako watatu na mmoja wao ni mimi, na ulikuwa umeanza kupumzika. Najua goti. Nimeyapima yote, na bado nakuomba.

Usiniambie nirudi naye. Nimelifikiria mpaka limekwisha. Mwanasheria wa kanisani anasema faili langu liko njiani, nikitoka nje ya nchi linakufa na mlango huu haufunguki tena. Anasema nivumilie mwaka mmoja na nusu. Mama, mwanasheria wa kwanza naye alisema mwaka mmoja na nusu, na hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Siamini sana. Lakini nikirudi leo nitakuja na mkasi na aibu, tutakuwa watatu wa kulishwa na kahawa yako. Nikibaki angalau ninyi mtakula na atasoma. Zaidi ya hapo sioni kitu mbele, na sitaki kukupamba na matumaini nisiyokuwa nayo.

Akija, nakuomba haya na usinikasirikie. Asichapwe. Nilichapwa na nimekua, najua, lakini huyu asichapwe. Akikujibu kwa Kiingereza msimcheke na msiwaite watu waje wamsikilize. Hali ugali bila mchuzi mwingi. Akinililia muda mrefu usimwambie nakuja kesho, mwambie hujui nitakuja lini, ni bora azoee ukweli. Na akianza kukuita wewe mama, mwache. Usimsahihishe. Mimi nitajua mimi ni nani.

Nisalimie Fidelis, mwambie picha ya mwanawe niliiona, masikio ni yake hawezi kukataa. Msalimie mjomba Method na wote wa kule Litembo, na Mama Phineas umwambie rosari yake bado ninayo na ninaitumia. Marehemu mama na babu wasomewe misa kama mlivyopanga. Mungu akukalie karibu, akutie nguvu ya magoti na ya moyo, na akusamehe kwa kunipenda kuliko ninavyostahili.

Ni mimi binti yako nikupendaye, hata nisipoandika,

Vumilia

N.B. Vitu ninavyohitaji unitumie kwa EMS kutoka Songea, vinifikie kabla ya mwisho wa Novemba. Barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, inayosema umekubali kuishi na mtoto, jina lake liandikwe na h, Anitha. Nakala ya kitambulisho chako. Namba ya simu ya Fidelis anayoipokea kweli, isiwe ile ya zamani. Picha ya chumba atakacholala, na kitanda kionekane. Picha ya choo, ipigwe mchana na mlango ukiwa wazi, maana hicho ndicho anachokiogopa na nimemwahidi atakiona kwanza. Urefu wa mlango wako kutoka chini hadi kwenye komeo, nijue kama atafikia. Na kanga moja uliyojifunga siku tatu nne jikoni na shambani. Usiifue. Nitamtandikia alalie, aizoee harufu yako kabla hajafika.