Kipande cha ndala chini ya nyuzi

Baba,

Mjukuu wako Tumaini sasa hivi amekoroga uji kwa mkono wa gitaa. Si mkono wa mtu, Baba, ni kile kichuma kirefu kilichopinda kinachochomekwa kwenye gitaa la umeme, mpigaji akikibonyeza sauti inatetemeka. Nilikuwa nimekiweka juu ya kopo la misumari, nikageuka tu kufunga kanga vizuri, kugeuka tena namkuta amekidumbukiza kwenye kikombe anakoroga, ananiambia, "Mama, tamu." Nimemnyang'anya, amelia, amenyamaza, sasa amekaa miguuni kwangu anakula uji kwa kidole. Ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia.

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri na ule mguu umeacha kuwaka moto. Na masikio je? Mama aliniambia kwamba siku hizi hata kengele ya kanisani unaiona tu inavyocheza. Ndiyo maana nimeacha kupiga simu. Mara ya mwisho nilipiga kelele "Baba, ni mimi!" mpaka majirani wakatoka nje, wewe ukanijibu, "Mvua bado." Nilicheka, halafu nilipokata simu nikalia kidogo. Basi nimeona niandike, utavaa miwani yako usome taratibu. Hapa stendi ya Nyegezi sikosi kondakta wa basi la kuja huko Sumbawanga wa kumkabidhi.

Sisi wazima, ila nimechoka Baba. Sikufichi. Baba Tumaini yuko visiwani kwenye dagaa, na dagaa wanavuliwa kwenye giza kwa taa, kwa hiyo harudi mpaka mwezi uwe mkubwa. Mimi bado nafua nguo za watu kule juu kwenye mawe ya Butimba. Maji hayapandi kila siku, inabidi nipande nayo, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Sabuni imenipasua mikono, nikikamua limao nalisikia mpaka kwenye meno. Lakini hayo ningeyavumilia. Kinachoninyima usingizi ni Tumaini. Amekuwa mzito, mgongoni hataki tena, na nikimweka chini anakimbilia beseni. Juzi alikunywa maji ya sabuni, akatapika povu mpaka macho yakageuka. Nilimshika pale nikasema, Mungu wangu, nipe kazi ya kukaa chini, mtoto nimwone.

Sasa sikiliza.

Kati ya nguo ninazofua kuna za mke wa Mzee Masanja. Huyu mzee ni fundi, ana kibanda nyuma ya stendi, anatengeneza redio, spika na magitaa. Siku moja nimempelekea mashati yake nikamkuta anafunga nyuzi za gitaa, nikajikuta nimesema, "Mzee, huo wa pili uko chini kidogo." Akaniangalia. "Nani kakufundisha, mayu?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo wanavyowaita wanawake hapa hata kama hawajawazaa. Nikamwambia ni baba yangu. Nikamweleza ulivyokuwa unanilaza shavu kwenye tumbo la lile gitaa lako la mbao, galatoni, unaniambia nyuzi mbili zikiwa hazijapatana utasikia zinapiga mawimbi, wa, wa, wa, na ukizipatanisha mawimbi yanapungua mpaka yanalala. Akaniambia nimwonyeshe. Nikamwonyesha.

Toka siku hiyo nikipeleka nguo ananikalisha ananifundisha. Anasema mikono yake siku hizi inatetemeka bila hata kubonyezwa chuma, na zile skrubu ndogo zinamkimbia. Wiki hii ndipo akaniambia: "Chukua gitaa la Ferdinandi, limekula kutu na huu upepo wa ziwani. Funga nyuzi mpya, peke yako. Likikaa, na wewe utakaa. Nakuwekea kiti kwenye benchi hii na mtoto atacheza hapo kwenye magunia. Likikataa, rudi kwenye ndoo yako, na tusinuniane."

Baba, nilivyosikia neno kiti, nililikumbatia lile gitaa kabla hajabadili mawazo.

Ferdinandi ni kijana anayepiga solo kwenye bendi ya harusi. Alipoambiwa nani atashika gitaa lake alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, unampa mfua nguo? Si atalianika?"

Nikamwambia, "Nikilianika nitakubana na wewe masikio kwa vibanio, ukauke."

Mzee Masanja alikohoa kuficha kicheko. Lakini moyoni nilikuwa naogopa, maana kesho Ferdinandi ana harusi na hana gitaa jingine.

Na nikakosea, Baba. Nilikosea kwa sababu nilifanya kama wewe. Unakumbuka ulivyokuwa unafanya kila Krismasi ikikaribia? Unafungua nyuzi zote, unazichemsha kwenye sufuria ya Mama zitoke jasho la vidole, unafuta mbao kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, gitaa linabaki uchi limelala mkekani. Na uzi ukikatika, baiskeli ya Mjomba inapoteza waya wa breki. Basi na mimi nikafungua nyuzi zote sita, nikafuta vizuri, nikaliona limependeza. Ghafla nikasikia kwa nyuma limelia kaa! Kile kipande cha chuma ambacho nyuzi zinashikilia, Mzee anakiita briji, kimezama kama mtu aliyevutwa kiti. Nikadhani nimelivunja.

Nikajikaza nikafunga nyuzi mpya. Nikaukaza wa kwanza mpaka ukakaa. Nikaja wa pili, ukakaa. Kurudi wa kwanza, umeshuka. Nikaupandisha. Wa pili nao ukashuka. Nilivyofika ule mnene, wote nyuma yangu wamelegea kama kamba za nguo. Nikazunguka tena, nikazunguka tena. Mabasi yanapiga honi, Tumaini analia anataka kunyonya, jasho linaniingia machoni, nikaukaza mwembamba kwa hasira, pa! ukakatika ukanichapa kidoleni. Nilikaa chini kwenye magunia nikamnyonyesha mtoto huku machozi yananitoka. Nikasema basi, mimi ni wa ndoo.

Mzee Masanja alikuwa ananiangalia muda wote. Nilipomaliza kunyonyesha akauliza, "Umelia umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Hili si sanduku la baba yako. Ligeuze."

Nikaligeuza. Akafungua kifuniko cha mgongoni. Baba, ungeona! Ndani kuna springi, zimejipanga, zinaivuta ile briji kwa nyuma, na nyuzi zinaivuta kwa mbele. Yenyewe haijabanwa na kitu, imesimama katikati, inaelea tu. "Umeona wanavyopima dagaa pale mwaloni?" akasema. "Ni mzani huu. Ukiondoa mzigo wote upande mmoja, unategemea nini? Na ukiongeza kwenye uzi mmoja, zile nyingine zinajua."

Nikauliza, "Sasa nifanyeje?"

"Gitaa umepewa wewe."

Akaenda kunywa chai. Kweli, akaniacha.

Nikafikiri. Nikawaza, kama inazama kwa kukosa mzigo, niishikilie isizame mpaka mzigo urudi. Nikatafuta kitu kisichokwaruza. Hapo mlangoni kulikuwa na ndala yangu iliyokatika, ile ya bluu aliyoninunulia Mama siku naondoka huko. Nikakata kipande cha kisigino, nikakipunguza kwa wembe mpaka kikaingia chini ya briji kwa nyuma, ikasimama sawa, imelala kama maji ya kwenye beseni. Halafu nikaanza upya. Ule uliokatika nikauwekea mwenzake kutoka kwenye droo ya Mzee. Sikuzikaza zote mara moja. Kidogo huyu, kidogo yule, nazipandisha pamoja. Kila uzi nauvuta kwa kidole kuuzoesha, unashuka, naurudisha, navuta tena, mpaka unachoka kushuka. Mzee ana kidude cha kubana kichwani mwa gitaa kinachowasha taa ya kijani ukifika. Kilinisaidia. Lakini mwisho nilikizima nikalaza shavu kwenye mbao nikasikiliza mawimbi, kama ulivyonifundisha.

Na unajua ilivyokuwa? Nilipokuwa nazunguka mara ya mwisho, kile kipande cha ndala kikadondoka chenyewe. Pu, mezani. Hakikuhitajika tena. Lakini briji ikawa imeinukia mbele kidogo, kwa sababu nyuzi hizi mpya ni nene kuliko za zamani. Nikageuza, nikazikaza skrubu za springi kidogo kidogo, nikatyuni tena, nikageuza tena. Mgongo uliniuma kuliko siku ya kufua mablanketi. Mpaka ikalala sawa.

Hapa Mzee amenikatisha, amekuja kuchukua ule mkono. Ameunusa. "Mbona unanuka uji?" Nimemwonyesha Tumaini. Amemwambia, "Wewe ndiye mwenye gitaa?" Naye amemnyooshea kidole chenye uji amlambe. Mzee ameingia nao ndani anatikisa kichwa.

Ferdinandi amefika, Baba. Yuko ndani. Mimi nimekaa hapa kwenye ngazi ya nje kwa sababu siwezi kuangalia. Kupiga tu si shida, likipigwa kawaida litatulia. Shida ni mkono. Akiubonyeza mpaka chini nyuzi zote zinalegea, na akiuachia kila uzi unatakiwa urudi pale pale ulipotoka. Usiporudi hata mmoja, nimeshindwa. Amesema mwenyewe atauminya mpaka umlilie mama yake.

Acha nimalizie salamu kabla hajaanza.

Kabla sijasahau, nisalimie Mama, mwambie ile ndala haikufa bure. Msalimie Shangazi anayekupikia Mama akienda shamba, na mdogo wangu Yustina, asiache shule, asiseme mimi la saba limenitosha. Halijanitosha. Mjomba mwenye baiskeli msalimie sana ila hii barua usimsomee ule upande wa breki, bado anadhani ni watoto wa jirani. Na wewe Baba, ukipona mguu uje. Nitakushika kiganja nikiweke kwenye mbao ya gitaa wakati linapigwa. Mbao ya hili la umeme ni nzito, haina tumbo, lakini inatetemeka yote. Tumaini nimemlaza shavu hapo jana akanyamaza akafumbua macho makubwa. Masikio yakigoma, kiganja kitasikia. Nimeshajaribu, niliziba masikio yangu kwa pamba nikagusa. Unasikia, Baba. Hata mawimbi unayasikia yanavyolala.

Ameanza. Anapiga taratibu, zile za kuingilia bibi harusi. Limekaa. Sasa kanyamaza.

Ameubonyeza. Jamani. Limenguruma kama ng'ombe, nyuzi zote zimekwenda chini. Tumaini ameshika mguu wangu.

Ameuachia. Anapiga uzi mmoja mmoja. Mnene umerudi. Unaofuata. Unaofuata. Basi limepiga honi, sijasikia, laana ya honi gani hii! Anarudia. Sasa anazipiga zote kwa pamoja, Baba, nimeweka kiganja kwenye ukuta wa mabati, hakuna wimbi, hakuna wa wa wa, zimelala.

Ferdinandi anazipiga tena, kama haamini. Mzee ndiye anacheka, anaita huku anagonga benchi: "Fundi! We fundi! Njoo ukalie kiti chako kabla Ferdinandi hajakikalia!" Baba, hapa nje tuko mimi na Tumaini tu, na Tumaini hawezi kuwa ndiye fundi. Ngoja niingie.