Alama Zangu Zilikuwa Juu Kuliko za Wote

Ubaruku, Mbarali

Mke wangu Mama Tumaini,

Kamwene. Anayekuandikia ni mimi mwenyewe, mwanamume wa miaka sabini na nne, niliyeishinda ndui, njaa ya utotoni, na radi iliyoua ng'ombe huku kamba nimeishika mimi. Sasa ongeza na mafua. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Kilolo? Viazi umeshavuna? Mimi mzima, na herufi zikiinama lawama ni ya kalamu.

Mafua yalinikamata hapa lindoni, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nikakohoa siku kadhaa, nikasema ni vumbi la pumba. Bwana Salumu, mwenye mashine, akanipakia kwa nguvu kwenye gari la mchele. Hospitali niliingia kwa miguu yangu, kifua mbele. Wakasema ni kirusi, yale mafua yanayoshuka mapafuni. Wakanitoa damu wakaipime.

Nesi aliporudi, binti wa Kinyakyusa anaitwa Tusajigwe, nikamsikia anamwambia daktari kwamba alama za damu yangu ziko juu sana, kuliko za wote waliopimwa asubuhi ile. Unajua shuleni sikuwahi kusikia maneno hayo. Moyo ukanenepa. Kitanda cha pili alikuwepo Msafwa mmoja, alama zake chini, kapewa ruhusa. Nikampa pole, nikamwambia ajitahidi, mwakani atafaulu. Akasema, "Haya mzee, ongoza darasa," akaondoka anacheka.

Nikavaa viatu. Nesi akaniuliza nakwenda wapi.

"Nyumbani, mjukuu wangu. Nimefaulu."

Hakucheka. Akakaa pembeni ya kitanda changu.

"Babu, hizi si za mtihani. Kuna kitu kinapanda kwenye damu mwili ukiwa unawaka ndani. Kifua chako bado kinajikaza, lakini damu imeshatuambia. Si kila mwenye nazo juu huzidiwa, ila wewe sikuachi uende mbali na oksijeni."

Nikamwambia nilibeba magunia ya mahindi mama yake hajazaliwa. Nikasimama. Bwana Salumu akanidaka mkanda kwa nyuma, akasema nikitoka nitatoka bila suruali. Kwa heshima ya ukoo wetu, nikakaa.

Jua halijazama, pumzi ikagoma. Nikavuta hewa haiji, kama mtu kanikalia kifuani. Ningekuwa huku lindoni, peke yangu na magunia, barua hii usingeipata. Lakini mtungi ulishasogezwa kabla sijauhitaji. Wakaniwekea mpira puani, hewa ikaja. Nililia, ila kidogo.

Tangu hapo kila wakinipima naomba nifeli. Siku ya mwisho Tusajigwe akaja na meno yote nje: "Babu, umeshika mkia." Sijapata kusifiwa vile. Jina lake kwa lugha yao ni tumebarikiwa, nami namtaja kila nikisali.

Nikimaliza dawa napanda gari la Iringa, nije nikukande hilo goti. Msalimie dada yangu wa kule bondeni, na mwanetu Tumaini umwambie akikohoa akapimwe, asiringe kama baba yake.

Mumeo niliyefeli vizuri,
Baba Tumaini

Ukiona natia chumvi, muulize Bwana Salumu, mkanda wangu aliudaka yeye. Muulize na Nesi Tusajigwe. Yule Msafwa usimuulize, atasema alinishinda.