Mtoto Abebwe na Nani

Dada Riziki,

Ninakuandikia nikiwa Mpofi, kwa watu waliotupokea. Naandikia juu ya goti, utanisamehe mwandiko. Tangu pikipiki ikuangushe kwenye matope, labo, ile maabara yetu, ilibaki kwangu peke yangu. Hata kukaa kwenye kiti chako niliogopa.

Nataka nikuambie habari za Mama Neema, kwa sababu hapa hakuna atakayeelewa.

Alikuja kutoka Muheto na homa na vipele. Daktari hakuweza kujua kama ni Mpox ao tetekuwanga tu. Wakamtenga kwenye hema, na mtoto wake anayenyonya, mdogo wake Neema, akabaki nje na bibi yake. Maziwa yalimjaa mpaka nguo ikalowa, na mtoto alikuwa analia upande wa pili wa turubai. Nilipopima mara ya kwanza, mashine haikuonyesha kitu, hata ile alama ya mwili wake mwenyewe, ambayo lazima itokee kipimo kikienda vizuri. Kazi yangu iliharibika. Nikabaki na usufi mmoja uliopanguswa kwenye kipele.

Asubuhi niliyoanza upya, risasi zikalia kwenye kilima cha pili. Nilikuwa nimeshatia vile vichembe vya chuma vyenye rangi ya kutu, vilivyovishwa ganda kama kioo. DNA ilikuwa imevishika, sumaku imevivuta pembeni mwa tube, kile kichupa chembamba, nimeshaosha. Ilibaki kutia maji safi ili DNA iachie. Nje watu walifunga magodoro. Daktari akapita dirishani: "Zawadi, acha hiyo, tunaenda."

Nilitaka kuacha, Dada. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Ndipo Mama Neema akaniuliza kutoka hemani, bila kupaza sauti: "Mutoto nimubebe, ao nimuache na mama?"

Bibi yule goti lake limevimba. Asingefika mbali na mtoto mgongoni.

Nikarudi. Nilikusikia kama uko nyuma yangu: "Usikimbize maji. Ikipata joto, njo itaachia." Nikatia maji, nikaweka tube kwenye joto, nikangoja. Risasi zilikaribia. Nguo yangu ililowa mkojo, sikuona hata haya. Nilivuta yale maji meupe polepole, vichembe vikabaki kwenye sumaku, nikawasha mashine. Ile mashine ina muda wake, na vita haivijui. Daktari alitangulia na wagonjwa wengine. Mama Neema alikataa kuondoka bila jibu. Nilimwona kupitia dirisha, ameketi chini, kitenge cha kubebea mtoto kimekunjwa mapajani.

Alama ya mwili wake ikapanda. Ya virusi ikalala chini mpaka mwisho.

Nikatoka nikamwambia, "Si Mpox. Mubebe."

Tulitembea pamoja kuingia msituni. Watu walimshukuru Mungu, mimi nilikuwa naangalia shingo ya mtoto. Kama DNA ya virusi ilikuwa kidogo? Kama ilibaki imeshikwa na sikuiona? Tulipofika hapa, mtoto akatoka vipele. Dada, sikuweza kula. Nilienda kuviangalia kila nilipopata kisingizio, na mama yake akadhani ni mapenzi tu.

Vilikauka, vikaanguka kama vya tetekuwanga. Jana mtoto alitambaa mpaka mlangoni akavuta mkia wa mbuzi. Mama Neema alicheka. Mimi niliingia ndani nikalia.

Wanasema mlango wa labo umevunjwa. Sijui kilichobaki. Usiku nikisikia pikipiki naamka, na sijui nawaogopa wenye bunduki ao nakukumbuka wewe.

Njia ikifunguka, nitapita Kirolirwe kwa mama yako kabla sijaenda popote. Ninakuahidi. Nitaketi naye jikoni, nimweleze taratibu ile kazi uliyonifundisha, na jina la huyo mtoto. Anaitwa Riziki. Walimpa kabla hatujajuana.

Pumzika kwa amani, dada yangu.

Zawadi