Nilipeleka Kinyesi cha Mbwa, Sasa Fisi Wangu Anapakiwa Kwenye Lori

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kabla hujanisaidia ujue kwanza anayekuandikia ni nani. Mimi nina miaka sabini na miwili kamili, nimewaona wakija na kuondoka mameneja watano wa bustani hii ya wanyama, nimewazika simba wanne, mamba mmoja ambaye walisema hafi, na daktari aliyeniambia nisipoacha ugoro sifiki sitini, yeye ndiye hakufika. Kalamu siijui sana, shule niliiacha mapema nikaenda kwa wanyama, lakini hapa nifumbe macho tu na nitakutajia ni nani anapita nyuma ya ukuta kwa sauti ya nyayo zake, na hayo si majivuno, ni kazi.

Ninamtunza fisi jike, naye ni mzee, ana miaka ishirini na moja, na fisi wa umri huo ni wa kuhesabu kwa vidole. Nilimpa jina Bi Mkubwa. Mke wangu aliposikia akaniuliza kama yeye sasa ni bi mdogo, nikamwambia akubali tu yaishe maana mwenzake anauma, basi siku mbili nikajipikia.

Mwaka huu akaja binti mmoja mtafiti kutoka chuo, ana kiti cha kukunja, saa na daftari, anakaa mbele ya banda na kila dakika ikipita anaandika fisi anafanya nini. Nikamwita Binti Daftari naye akaitika. Nilimuuliza anatafuta nini, akasema anapima msongo wa mawazo wa wanyama, nikamwambia fisi halipi kodi ya nyumba wala hana wakwe, mawazo ayatoe wapi. Akanionyesha chini kando ya uzio, pale Bi Mkubwa anapozunguka kila asubuhi mpaka ardhi imechimbika mfereji, akasema kuzunguka namna ile bila kwenda popote ni dalili mbaya. Nikamwambia hata mimi chakula kikichelewa nazunguka. Akacheka, akaliandika na hilo.

Baadaye akasema daftari peke yake halitoshi, atahitaji kinyesi, samahani kwa neno hilo, cha siku kumi na nne, kipelekwe maabara kupimwa kemikali ya msongo, na kwa kuwa mimi ndiye nafagia banda alfajiri basi mimi ndiye nikusanye. Akanipa vifuko vyenye namba, akaniambia hata chembe isitupwe. Hapo sikuona tatizo. Lakini akaniangalia kiunoni, maana mimi natembea na funguo kumi na saba kwenye pete moja na zinanitangulia kufika kila mahali, akasema taratibu, "Babu, usikasirike, sehemu nyingine tumekuta kinachomsumbua mnyama ni mtunzaji wake mwenyewe."

Mshauri, niliumia. Miaka thelathini na minne niko na fisi. Bi Mkubwa nilimlea na chupa, akisikia funguo zangu anaanza kuzunguka, nikigeuza ndoo nikakaa nikaanza kumsimulia mambo ya nyumbani analala chini na kuweka kidevu kwenye miguu, halafu mtoto wa juzi aniambie mimi ndiye msongo. Na kama maabara ingesema hivyo wangenipeleka kwa kobe, na kobe nawajua, hawana mazungumzo.

Basi nikatumia akili. Mlinzi wa geti ana mbwa anaitwa Likizo kwa sababu anachofanya maishani ni kulala, sijawahi kuona kiumbe kilichotulia vile. Nikamwomba mlinzi kinyesi cha Likizo kila asubuhi, akanipa bila kuuliza, kwani nani anakatalia kitu kama hicho. Kinyesi cha fisi huwa cheupe kwa sababu ya mifupa, sasa mimi si mjinga, nikawa nakizungusha kwenye unga wa mifupa tunaowapa ndege mpaka kinapendeza. Nikajaza vifuko vyote kumi na vinne. Kile cha Bi Mkubwa mwenyewe sikukitupa, maana nimesema niliambiwa hata chembe isitupwe na sijawahi kukaidi amri ya kazi, nimekiweka kwenye kopo la siagi ndani ya friza ya nyama, kila siku na mfuko wake, na kila mfuko nimeufunga kamba yenye vifundo, siku ya kwanza kifundo kimoja, ya pili viwili, ndivyo ninavyohesabu dawa za wanyama tangu ujana wangu na haijawahi kunikosesha.

Majibu yakarudi. Mstari kwenye karatasi umelala kama nyoka aliyekufa. Binti Daftari akakuna kichwa, akasema daftari lake linasema vingine kabisa, lakini kwa karatasi hii huyu fisi ametulia kuliko hata yeye mwenyewe. Meneja akasema mashine ni mashine, akanishika mkono mbele ya watu, picha yangu ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mimi sikuibandua.

Sasa ndipo balaa. Kuna hifadhi mbali huko ina fisi wawili wachanga walioachwa na mama yao, wanatafutiwa jike mzee wa kuwatuliza, na meneja akasema aliyetulia namna hii ndiye anayefaa, hata safari ya siku mbili kwenye kreti, lile sanduku la kusafirishia wanyama, ataiweza. Jumatano ijayo lori linakuja. Mshauri, mara moja tu tulimhamisha, tena kutoka banda la chini kwenda la juu, mwendo wa kuvuta ugoro mara mbili tu, hakula siku tisa na akajitafuna mguu mpaka mfupa ukaonekana. Wakati huo alikuwa kijana. Safari hii hafiki, najua kama ninavyojua jina langu.

Nimeshajitahidi. Nilificha komeo la kreti, fundi akatengeneza jingine kabla ya chakula cha mchana. Nilijifanya kiuno kimeshika, wakasema nipumzike, mwingine atampakia. Mke wangu nilipomweleza yote aliacha kukuna nazi akaniambia neno moja tu, "Kaseme." Lakini nikisema nimekwisha, mzee mzima nimepakaza unga kinyesi cha mbwa, picha yangu ipo ubaoni. Nipe njia ya kulizuia lori bila kugusa habari ya mbwa.

Na kama unadhani nakutungia, muulize mlinzi wa geti, muulize mke wangu anayejua nikiongopa kabla sijafungua mdomo, na Likizo mwenyewe yupo pale getini, japo utamkuta amelala.

Ni mimi, mtunza fisi.

JIBU LA MSHAURI

Shikamoo mzee wangu. Ukishaitikia, geuza ndoo yako ukae, kwa sababu nitasema na wewe kama binti yako.

Barua yako nimeiweka mbele ya barua tatu za mapenzi, maana wale wapenzi wanaweza kungoja na lori haliwezi. Nimecheka mpaka kwenye unga wa mifupa, na kwenye ule mguu nikaacha.

Njia ya kulizuia lori bila kutaja mbwa haipo. Nisingekupa hata ingekuwepo. Umempima mbwa, ukampa majibu yake fisi, na sasa fisi anasafirishwa kwa afya ya mbwa. Hakuna mtu mwingine bustanini anayejua hilo. Ukinyamaza, Bi Mkubwa atakufa kwenye kreti akiwa na karatasi inayosema ametulia.

Unaogopa kuambiwa wewe ndiye unayemsumbua. Mimi si daktari wa wanyama. Lakini umeandika mwenyewe kwamba anazunguka akisikia funguo, na kwamba ukikaa analala. Huenda ni kelele za ile pete yako. Huenda anakungoja wewe na chakula, kama unavyozunguka wewe jikoni. Sijui, na wewe pia hujui, licha ya miaka thelathini na minne. Aliyekuwa karibu kujua ni yule binti, nawe ukamziba mdomo kwa kinyesi cha Likizo. Amefanya kazi yake vizuri, daftari lake lilikuwa sahihi, na sasa anadhani kosa ni lake. Hilo nalo uliombee radhi.

Kesho asubuhi uende kwake yeye kabla ya meneja. Usianze na miaka yako wala mamba wako. Mwambie, "Binti, nilikubadilishia," halafu nyamaza akasirike mpaka amalize. Akimaliza, nendeni wote wawili kwa meneja lori lisimamishwe. Picha ubaoni ubandue mwenyewe, usingoje kubanduliwa. Funguo zile ziache getini, chukua ule mmoja wa banda, uufunge kitambaa, uone Bi Mkubwa atafanya nini. Na ukipelekwa kwa kobe, nenda. Kobe wanaishi sana, utapata muda wa kuwafundisha mazungumzo.

Mkeo alikupa ushauri huu huu kwa neno moja, bila stempu. Mpikie, safari hii uwe wewe umeamua.

Umenitajia mashahidi watatu, mmoja wao amelala. Siwahitaji. Shahidi wako wa kweli yuko kwenye friza ya nyama, ndani ya kopo la siagi, siku kumi na nne zimefungwa vifundo bila kukosea hata kimoja. Mpeleke huyo maabara, na ukae nje mlangoni usikilize atakachosema.